Shajara ya mradi: kuzitafuta nyota za orodha ya 1969 katika katalogi za infraredi za leo

Mradi wenyewe ni jedwali moja. Safu ya kwanza ina vyanzo 5,612 (nyota na vitu vingine vinavyotoa infraredi, mwanga wa mawimbi marefu kuliko mwekundu ambao jicho halioni) vya Two-Micron Sky Survey, orodha iliyochapishwa mwaka 1969 na Gerry Neugebauer na Robert Leighton wa Caltech, chuo kikuu cha California. Safu zinazofuata zinaeleza chanzo hicho hicho kilionekanaje kwa setilaiti IRAS (1983), kwa 2MASS, upimaji wa darubini za ardhini (1997 hadi 2001), na kwa setilaiti WISE (2010). Ninalifanya na mwenzangu anayefundisha fizikia sekondari huko Malindi. Mimi niko Morogoro. Tunawalenga walimu na wanafunzi wanaotaka data halisi za anga zenye maelezo ya Kiswahili. Haya ni maandishi yangu ya jioni, nimeyapanga kidogo tu.

8 Februari 2025

Tumekubaliana kuanzia 1969. Mwenzangu alitaka tuchukue 2MASS moja kwa moja kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mahali: vyanzo vya nukta 470,992,970, mbingu nzima, na hakuna malipo. Hoja yangu ni kwamba katalogi yenye mistari milioni 470 hakuna anayeisoma. Unaiuliza swali, inakujibu, basi. Orodha ya mistari 5,612 mtu anaweza kuipitia yote kwa macho, na baada ya muda akaanza kuzifahamu nyota zake.

Namna orodha hiyo ilivyopatikana nayo ni ya kuhadithiwa darasani. Badala ya kusugua kioo cha gharama kubwa, walimimina epoksi kwenye bakuli la alumini la inchi 62, karibu mita 1.6, wakalizungusha kwa mwendo usiobadilika hadi epoksi ikagandia humo. Kimiminika kinachozunguka hujipa chenyewe umbo la parabola, na hilo ndilo umbo linalotakiwa. Kikapakwa alumini, kikapelekwa Mount Wilson, California. Kwa picha kali za mwanga wa kawaida kioo hicho kisingefaa, lakini kwa mawimbi ya mikroni 2.2 (mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita), na vigunduzi vya salfaidi ya risasi vilivyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, kilitosha kabisa. Leo darubini hiyo iko Marekani kwenye makumbusho ya Smithsonian ya anga.

Masharti ya kuingia orodhani: chanzo kiwe na mwangaza wa magnitudi 3 au zaidi kwenye mikroni 2.2 (magnitudi ni kipimo cha mwangaza wa nyota; yaani namba 3 au ndogo yake, anayesoma mambo haya kwa mara ya kwanza akumbuke kwamba namba ikipungua mwangaza unaongezeka), na kiwe kati ya nyuzi 33 kusini na nyuzi 81 kaskazini mwa ikweta ya mbingu. Sharti hilo la pili litatusumbua baadaye, maana Mount Wilson haioni kusini tunakoona sisi.

15 Februari

Kazi ya leo ni ya kuchosha ila haina budi. Mahali pa nyota katika orodha ya 1969 pameandikwa kwa hesabu za mwaka 1950, ilhali 2MASS na WISE wanatumia za mwaka 2000. Mhimili wa Dunia unayumba polepole, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, na gridi nzima tunayoiwekea nyota inasogea nao. Kwa miaka 50 tofauti inafika nyuzi 0.7, ambayo ni pana kuliko Mwezi mpevu. Asiyegeuza hesabu kwanza atakuwa anatafuta nyota mtaa wa pili.

Juu ya hapo kuna nyota zenyewe kuhama. Nyingi ziko mbali kiasi kwamba miaka 45 haibadilishi kitu, lakini Simaki, yaani Arcturus, inakwenda sekunde za tao 2.28 kila mwaka (dakika ya tao ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi, na sekunde ni sehemu moja ya 60 ya dakika). Tangu katikati ya miaka ya 1960 hadi WISE ilipoipita mwaka 2010 imesogea zaidi ya sekunde za tao 100. Kwa WISE, ambayo uwezo wake wa kutenganisha vitu ni kama sekunde 6, huo ni umbali mkubwa sana.

22 Februari

Swali: tutafute ndani ya duara la ukubwa gani? Nafasi za 1969 si za uhakika wa kisasa, hivyo tumechukua dakika 2 za tao kila upande. Kisha nikapiga hesabu ya kawaida. Mbingu nzima ina nyuzi mraba 41,253. Ukigawa vyanzo vya 2MASS unapata wastani wa 11,400 kwa kila nyuzi mraba, na duara letu litabeba kama 40. Kwa AllWISE, katalogi ya WISE yenye vyanzo 747,634,026, litabeba kama 63. Na huo ni wastani tu. Kwenye Njia Nyeupe, ambako nyota zimesongamana, ni mamia.

Kwa hiyo "kilicho karibu zaidi" hakifai kuwa kanuni. Kilicho karibu zaidi na nukta ya 1969 mara nyingi ni kinyota dhaifu kisichohusika. Kanuni yetu: ndani ya duara, chukua kile chenye mwangaza mkubwa zaidi kwenye mikroni 2.2, kwa sababu Neugebauer na Leighton wasingeweza kuona kingine. Kikikosekana chochote kinachofika magnitudi 4, mstari huo unawekwa kando na kuangaliwa kwa mkono.

1 Machi

Kwa wanaouliza kuhusu bando: hatupakui katalogi. Hakuna haja. Hifadhi ya IRSA, iliyoko Caltech, inakubali upakie orodha yako ya mahali na umbali wa kutafuta, nayo inakurudishia mistari inayohusika tu. Huduma ya kulinganisha katalogi ya kituo cha Strasbourg, Ufaransa, inafanya vivyo hivyo. Faili linalorudi ni dogo kuliko video moja ya WhatsApp. Kuyapanga na kuchora michoro tunatumia TOPCAT, programu ya bure inayokwenda hata kwenye kompyuta ya zamani.

Ushauri mmoja: omba safu zote za ubora tangu mwanzo, hata kama huzielewi bado. Zile herufi na tarakimu zinazofuata nyuma ya kila kipimo ndizo zitakazokuambia kipimo ukiamini au usikiamini.

12 Machi

Alfajiri ya leo, kama saa kumi na mbili kwa saa zetu, SPHEREx, setilaiti mpya ya infraredi ya NASA, imerushwa kutoka Vandenberg (huko California bado ni jioni ya tarehe 11). Itaipima mbingu nzima katika rangi 102, kati ya mikroni 0.75 na 5, na data zake zitapitia IRSA hiyo hiyo. Kwa jedwali letu haibadilishi kitu kwa sasa. Nimeiandika tu kwa furaha.

29 Machi

Hapa ndipo kazi ilipoanza kunoga.

Nimefungua safu ya 2MASS inayoeleza kila kipimo kilipatikanaje. Kamera zao, zilizofungwa kwenye darubini mbili za mita 1.3, moja Mount Hopkins, Arizona, na nyingine Cerro Tololo, Chile, zilipiga kila kipande cha mbingu kwa namna mbili: picha fupi sana ya milisekunde 51 na picha ya sekunde 1.3, ikirudiwa mara sita. Tarakimu 2 katika safu hiyo inamaanisha nyota imepimwa kwenye picha za sekunde 1.3, hali ya kawaida. Tarakimu 1 inamaanisha nyota ilikuwa kali mno, ikapimwa kwenye milisekunde 51. Tarakimu 3 inamaanisha hata milisekunde 51 zilikuwa nyingi: kigunduzi kilijaa katikati, na mwangaza ukakadiriwa kutokana na pembezoni mwa nyota, pale ambapo hakikujaa.

Nikaziangalia nyota zetu kwenye rangi ya Ks, mikroni 2.16. Ni 3, 3, 3, chini hadi mwisho wa ukurasa.

Na haingeweza kuwa vinginevyo. Orodha ya 1969 ina vyanzo vikali vya mbingu ya kaskazini, na 2MASS ilijengwa ili kuona vilivyo dhaifu, hadi magnitudi 14.3 kwenye Ks kwa kipimo cha uhakika. Ni kama kupiga picha ya taa za gari linalokujia usiku kwa simu: unapata weupe mtupu. Kwa hiyo katalogi inayosifiwa kwa usahihi wa asilimia chache, kwa nyota zetu ina shaka ya sehemu moja hadi tatu za kumi ya magnitudi. Sehemu mbili za kumi ni kama asilimia 20 ya mwangaza. Kipimo cha wale waliomimina epoksi kwenye bakuli si kibaya kuliko hicho.

Nilimpigia mwenzangu simu kumweleza. Akacheka: "Mwalimu, yaani tumekwenda kwa fundi mkubwa, kumbe kazi yetu haimo kwenye duka lake!"

12 Aprili

Jioni ya leo mbingu ilikuwa safi baada ya mvua. Kundi la Asadi, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Simba, lilikuwa juu kabisa baada ya swala ya Isha. Humo, si mbali na Maliki, nyota ile angavu ya kifuani, kuna chanzo ambacho jicho halitakiona hata ukae hadi alfajiri: IRC+10216. Nimeamua mstari huu uwe mfano wetu mkuu, na nimeujaza wote kwa mkono.

Jina lenyewe: IRC ni katalogi ya 1969, +10 ni ukanda wa nyuzi kumi kaskazini, 216 ni namba yake katika ukanda. Wapimaji waliorusha roketi za jeshi la anga la Marekani miaka ya 1970 waliiita AFGL 1381. Katika IRAS ni 09452+1330, yaani saa 9 dakika 45.2, nyuzi 13 dakika 30 kaskazini, kwa hesabu za 1950. Katika 2MASS ni J09475740+1316435. Ni nyota ile ile mahali pale pale, lakini gridi imeteleza: dakika 45 imekuwa 47 na zaidi, nyuzi 13 dakika 30 imekuwa nyuzi 13 dakika 16. Mwanafunzi akiyaweka majina haya mawili sambamba ameshaiona ile yumba ya mhimili niliyoitaja Februari, bila kuchorewa mchoro.

Sasa vipimo. 2MASS inaipa J, mikroni 1.24, karibu 7.3, na Ks karibu 1.2. Tofauti ya magnitudi 6 ndani ya rangi mbili jirani maana yake kwenye Ks inang'aa mara zaidi ya 200 kuliko kwenye J, ukilinganisha na nyota nyeupe ya kawaida. Kwenye mikroni 12 IRAS ilipata jansky 47,500 (jansky ni kizio cha kupimia nguvu ya mwanga unaotufikia). Ukigawa kwa 28.3, mwangaza wa magnitudi sifuri kwenye rangi hiyo, unapata takriban 1,680, ambayo ni magnitudi -8. Zuhura ikiwa katika ubora wake kwa macho haifiki -5.

Chanzo cha yote haya ni vumbi. IRC+10216, au CW Leonis kwa jina lake la nyota-geu, ni nyota ya kaboni iliyo katika uzee wake, kama miakanuru 400 kutoka hapa. Inapuliza mata yake nje, kaboni inaganda kuwa chembe za masizi, na chembe hizo zinaumeza mwanga wake karibu wote kisha kuutoa upya kama joto. Kwenye mikroni 5 hakuna kitu kingine nje ya mfumo wa Jua kinachong'aa kuizidi mbinguni kwetu.

Tatizo moja: inabadilika, mzunguko wake ni takriban siku 630. Kipimo cha miaka ya 1960, cha 1983, na cha 2MASS havikuchukuliwa katika hali moja. Nimeongeza safu ya tarehe. Safu hiyo haikuwemo kwenye mpango wa kwanza, lakini baada ya mstari huu sioni jedwali likisimama bila hiyo.

3 Mei

WISE. Setilaiti ilirushwa 14 Desemba 2009 ikiwa na darubini ya sentimita 40 tu, vigunduzi vinne, na rangi nne: mikroni 3.4, 4.6, 12 na 22. Ilipiga picha kila sekunde 11. Hidrojeni iliyogandishwa ya kuipoza ilipokwisha mwaka 2010 ikabaki na rangi mbili fupi. Baadaye ikalazwa, ikaamshwa tena mwishoni mwa 2013 kuwinda asteroidi, ikafanya kazi hadi Agosti 2024. Iliungua angani mapema Novemba mwaka huo. Kwa chombo kilichopangiwa miezi michache, kimejitahidi.

Hapa mambo mawili yamenichukua muda mrefu.

La kwanza ni takataka zinazozunguka nyota kali. Ukiuliza AllWISE ndani ya duara letu, kando ya nyota kubwa unapata mistari ya vitu ambavyo havipo. Kuna safu yenye herufi nne, moja kwa kila rangi: D ni miale inayotoka kwenye nyota kwa sababu ya mikono inayoshika kioo kidogo cha darubini, H ni ukungu wa mwanga unaoizunguka, O ni mzuka, taswira ya pili iliyoakisiwa ndani ya chombo, P ni kumbukumbu iliyobaki kwenye kigunduzi baada ya kupita nyota kali. Herufi kubwa inamaanisha huenda hakuna kitu hapo isipokuwa hiyo taka. Herufi ndogo inamaanisha kitu kipo lakini kimechafuliwa. Sifuri ni salama. Nilichora mistari yenye D kubwa karibu na Ibuti la Jauza, yaani Betelgeuse, nayo ikajipanga kwenye mistari iliyonyooka kutoka kwenye nyota. Mchoro huo nimeuhifadhi kwa ajili ya somo. Hakuna maelezo yatakayoushinda.

La pili ni uchaguzi wa katalogi. Mtu angedhani AllWISE ya Novemba 2013, iliyounganisha data nyingi zaidi, inaifuta ile ya All-Sky ya Machi 2012, yenye vyanzo 563,921,584. Kwa vyanzo dhaifu ni kweli. Kwa nyota zenye mwangaza unaozidi magnitudi 8 kwenye mikroni 3.4, au 7 kwenye 4.6, maelezo ya AllWISE yenyewe yanashauri kurudi kwenye All-Sky. Hizo ni nyota zetu karibu zote. Tumerudi.

Na hata huko, WISE inajaa kuanzia karibu magnitudi 8 kwenye rangi ya kwanza, na kwenye rangi ya pili vipimo vya nyota zilizojaa vinajulikana kuzidisha mwangaza. Rangi ya nne, mikroni 22, ndiyo yenye afya zaidi kwetu.

7 Juni

Mwezi mzima tulikuwa tumekwama. Kwenye 2MASS nyota zetu zimejaa, kwenye WISE zimejaa, na kipimo cha 1969 hatukutaka kukiacha kiwe shahidi pekee. Aliyetufungulia njia ni DIRBE.

DIRBE ilikuwa mmoja wa vyombo vitatu ndani ya COBE, setilaiti iliyorushwa 18 Novemba 1989 na kusifika kwa mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Kazi ya DIRBE ilikuwa mwanga wa jumla wa mbingu, hivyo haikuhitaji kuona kitu kimoja kimoja. Tundu lake moja la kutazamia lilikuwa na upana wa nyuzi 0.7, linameza Mwezi mpevu na nafasi inabaki. Kwa mtaalamu wa katalogi hicho ni kipofu. Katika tundu hilo moja, kwa wastani ule ule wa Februari, kuna vyanzo vya 2MASS kama 5,600.

Lakini halikujaa. Lilitengenezwa kupokea mwanga mwingi, likaipita nyota ile ile mara nyingi ndani ya miezi kumi, kwenye mikroni 1.25, 2.2, 3.5, 4.9, 12, 25 na kuendelea hadi 240. Mwaka 2004 Smith, Price na Baker wakatoa katalogi ya nukta ya DIRBE yenye vyanzo 11,788. Nimeilinganisha na orodha yetu na kazi ikaenda haraka ajabu, kwa sababu katalogi zote mbili zinajali nyota zile zile.

Ina mipaka yake, na tumeiandika. Penye Njia Nyeupe majirani wanaingia tunduni na kuongeza mwangaza. Kabla ya kukubali kipimo tunajumlisha vyanzo vingine vya 2MASS ndani ya nyuzi 0.7 tuone vinachangia kiasi gani. IRC+10216 iko mbali na Njia Nyeupe, kwa hiyo kipimo chake ni kisafi. Ila miezi kumi ya COBE haifiki nusu ya mzunguko wake wa siku 630, na safu ya tarehe imesaidia tena.

Sikutegemea kwamba chombo chenye macho mazito kuliko vyote ndicho kingeipa sehemu hii ya jedwali uhai.

5 Julai

IRAS, kwa kifupi, kwa sababu kwa nyota zetu haina matata. Marekani, Uholanzi na Uingereza, Januari hadi Novemba 1983, hadi heliamu ya kimiminika ilipokwisha. Rangi nne: mikroni 12, 25, 60 na 100. Asilimia 96 ya mbingu. Katalogi ya nukta ina vyanzo 245,889.

Ninachokipenda ni jinsi chanzo kilivyopata ruhusa ya kuingia. Kilipaswa kupita kwenye vigunduzi viwili kwa kufuatana ndani ya sekunde chache. Kisha kionekane tena kwenye mzunguko mwingine wa setilaiti, saa chache baadaye. Kisha tena baada ya wiki kadhaa. Chembe ya vumbi karibu na chombo ilianguka mtihani wa kwanza, setilaiti nyingine wa pili, asteroidi wa tatu. Kila mstari wa katalogi ile umepita mahakama tatu.

Tahadhari mbili tumeziweka kwenye maelezo ya safu. Tarakimu ya ubora 3 ni kipimo kizuri, 2 ni cha wastani, 1 si kipimo bali ni kikomo cha juu: chanzo hakizidi hapo. Anayechora mchoro bila kuzitenga zenye 1 atapata mkunjo wa ajabu usiokuwepo. Na mikroni 100 isiaminiwe haraka karibu na Njia Nyeupe, kwa kuwa vumbi baridi lililotanda kama mawingu mepesi, ambalo IRAS yenyewe ndiyo iliyolifichua, linaweza kujifanya nukta.

16 Agosti

Tumebishana na mwenzangu, kwa heshima lakini kwa muda mrefu. Yeye anataka kila nyota iwe na safu moja ya "mwangaza bora" kwa kila urefu wa wimbi. "Mwanafunzi wa kidato cha tatu ukimpa vipimo vinne vya kitu kimoja atauliza kipi ni cha kweli, mwalimu, na mimi ndiye nitakayesimama mbele yake." Nami nasema akiuliza hivyo somo limefika.

Tulipofikia: jedwali dogo lenye nyota 50 kwa ajili ya sekondari, kipimo kimoja kwa kila rangi, na herufi inayoonyesha kimetoka wapi. Jedwali kubwa linabeba kila kitu: vipimo vyote, tarehe, na alama za ubora kama zilivyotolewa, hazijatafsiriwa wala kufupishwa. Utaratibu wa kuchagua kwa jedwali dogo: mikroni 1.25 hadi 4.9 ni DIRBE kama majirani hawazidi kiasi, vinginevyo 2MASS au All-Sky. Mikroni 12 na 25 ni IRAS. 22 ni WISE.

Ameshinda hoja moja. Vichwa vyote vya safu ni vya Kiswahili. Kila nikisita ananikumbusha kwamba mtumbwi ulishavuka: setilaiti ya kwanza kuifanyia mbingu nzima sensa ya eksirei ilirushwa pale kwao, kwenye jukwaa la San Marco baharini mbele ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Katalogi yake ya nne ina vyanzo 339, na wanaastronomia wa kila nchi hadi leo wanaviita kwa 4U mwanzoni, hiyo U ikiwa ni ya Uhuru. Sikuwa na la kujibu.

20 Septemba

Kaskazini imekwisha, isipokuwa mistari iliyowekwa kando. Mingi ya hiyo iko upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, ambako chanzo kimoja cha 1969 kwa macho ya 2MASS ni kundi la nyota zinazogombea jina. Tunaziacha zikiwa zimeandikwa "zaidi ya kimoja" pamoja na majina ya wagombea wote. Kuchagua mshindi kwa kukisia kungelifanya jedwali lionekane kamili, na ndicho ninachokiogopa.

Sasa kusini ya nyuzi 33. Huko hakuna IRC, kwa hiyo hakuna Msalaba wa Kusini, hakuna Panji, wala Mawingu ya Magellan. R Doradus, iliyoko kundi la Panji, ni miongoni mwa nyota kali kuliko zote mbinguni kwenye mikroni 2.2, karibu magnitudi -4, sawa na Ibuti la Jauza, nayo haimo katika orodha ya 1969 kwa sababu tu haichomozi kabisa California. Kwa mwanafunzi wa Mtwara au Lubumbashi hilo ni pengo lisilokubalika.

Mpango: kusini tuanze na DIRBE, tuchukue kila chanzo chenye magnitudi 3 au chini kwenye mikroni 2.2, kisha tupitie ngazi zile zile hadi WISE. Majina yatakuwa ya IRAS pale yalipo. Safu ya IRC itabaki wazi kwa mistari hiyo yote. R Doradus nimeshaujaza. Wiki ijayo mwenzangu anaanza na ukanda wa nyuzi 60 kusini, mimi nyuzi 40, tutakutana katikati.